Rejeta Iliyofichwa Nyuma ya Dashibodi

Karibu kila gari ambalo injini yake hupozwa kwa maji lina rejeta mbili. Kubwa iko mbele na kila mtu anaijua. Ya pili, ambayo mara nyingi haizidi ukubwa wa kitabu kinene, imefichwa nyuma ya dashibodi: hupokea maji ya moto kutoka kwenye injini, feni ikapuliza joto kwa abiria. Ikitoboka, utanusa harufu tamutamu ya kulanti, kioo cha mbele kitashika ukungu wenye utelezi usiofutika kwa kitambaa kikavu, na kapeti italowa miguuni pa abiria. Kifaa chenyewe hakijabadilika sana tangu miaka ya 1930: mabomba membamba, mapezi ya kusambaza joto, mdomo wa kuingizia maji na mdomo wa kuyatolea. Lakini nchini Marekani, kukibadilisha nyumbani kulikokuwa kazi ya muda mfupi kumekuwa kazi ya siku nzima, pengine mbili. Ugumu huo umetokana na mahali kilipowekwa, na mahali hapo viwanda vilipachagua kwa kufuata hesabu zao vyenyewe.

Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikutoka kiwandani na hita. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa wazi, na kupasha joto gari lisilo na vioo vya pembeni ni kuupa upepo joto la bure. Magari yaliyofunikwa yalipokuwa mengi katika miaka ya 1920, watu walianza kununua hita kama nyongeza. Nyingi za mwanzo zilitumia joto la eksozi, na bomba likivuja, moshi wenye sumu uliingia walipokaa abiria. Hita ya maji ya moto iliondoa hatari hiyo. Lilikuwa sanduku la chuma lenye rejeta ndogo na feni, likafungwa kwa bolti chini ya dashibodi, na hozi mbili zikapita kwenye matundu ya ukuta unaotenga injini na abiria. Ikivuja, mwenye gari alimwaga maji, akalegeza klipu mbili na nati chache, akalitoa sanduku zima. Rejeta ilikuwa ya shaba, kwa hiyo fundi aliweza kuilehemu na kuirudisha siku hiyohiyo.

Mageuzi yalianza mwaka 1938, kampuni ya magari ya Nash ilipoleta mfumo uliokuja kuitwa Weather Eye. Hewa ya nje ilivutwa, ikachujwa, ikapashwa joto na kusambazwa ndani ya gari. Ulikuwa uvumbuzi mzuri kwelikweli, kwa kuwa abiria waliacha kupumua hewa ileile iliyochakaa. Ila tangu hapo hita ikaanza kuwa kiungo cha mwili wa gari. Mwaka 1954 Nash hiyohiyo iliunganisha hita na kiyoyozi katika mfumo mmoja, na wengine wakafuata. Matokeo yake yanaonekana wazi kwenye Ford Mustang za 1979 hadi 1993 zenye kiyoyozi: rejeta imo katika sanduku moja na kipoza hewa, hivyo dashibodi lazima ifunguliwe na gesi ya kiyoyozi iondolewe kwanza. Sheria ya Marekani ilipokataza mwaka 1992 kuachilia gesi hiyo hewani, jambo la haki kabisa kwa ajili ya tabaka la ozoni, mwenye gari asiye na mashine ya kuivuta alilazimika kwenda gereji kabla hajashika spana.

Wapo watakaosema usalama ndio uliolazimisha haya. Ni kweli kwamba tangu 1968 kanuni za Marekani zinataka kila gari jipya liwe na njia ya kuondoa ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele. Lakini kanuni hiyo inadai kioo kisafike. Haidai rejeta izikwe. Yapo magari yanayotimiza sharti hilohilo huku rejeta ikichomolewa kupitia kifuniko kidogo pembeni. Kiwandani sanduku huingizwa mapema na dashibodi hufuata juu yake, na mpangilio huo huokoa muda wa kuunda gari. Saa za kulifungua tena huzilipia mtu mwingine, miaka mingi baadaye. Wala kusema kwamba rejeta hudumu hakutoshi, kwa sababu magari yaliyoko barabarani Marekani sasa yana wastani wa umri unaozidi miaka 12.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini mtu ajisumbue, wakati hozi mbili zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe na rejeta ikarukwa. Mombasa au Dar es Salaam, ambako hita haina kazi, jibu hilo linatosha. Lakini katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi Januari, kioo huganda kwa pumzi ya dereva mwenyewe. Ndiyo maana huko watu bado wanaifungua dashibodi nyumbani: wanatenganisha betri kwanza kwa sababu ya mifuko ya hewa, wanabandika alama kwenye kila waya, wanapanga skrubu kwa mfuatano wa kuzitoa, kisha wanajaza maji na kuwasha injini kuangalia uvujaji kabla ya kurudisha kipande cha mwisho.