Abiria Mmoja kwa Kila Baiskeli

Mjomba wangu hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini alikuwa na maneno mengi juu yake. Ikipita moja juu ya Busia, zile za mbali zinazoacha mstari mweupe angani, alikuwa anasimamisha baiskeli, anaegemea usukani na kuitazama mpaka ipotee upande wa Uganda. "Hiyo imevuka boda na hakuna mtu ameiuliza kitambulisho," alikuwa anasema. Halafu anapiga kengele na kurudi kazini.

Kazi yake ilikuwa kuvusha watu. Ukiwa Nairobi, ukiita boda kwa simu na ikufikie kabla hujamaliza chai, ni rahisi kufikiri neno lenyewe ni la juzi. Si la juzi. Lilizaliwa Busia miaka ya 1960, na lilizaliwa na tatizo dogo tu la miguu. Basi kutoka Kisumu lilikuacha upande wa Kenya. Basi la Kampala lilikungoja upande wa Uganda. Katikati palikuwa na geti mbili, na kati ya geti na geti mwendo wa kumtoa jasho mama mwenye gunia kichwani. Gari kuvuka lilitaka makaratasi. Baiskeli haikutaka. Vijana wakafunga mto juu ya keria, wakajipanga getini na kuita: boda, boda! Yaani kutoka mpaka huu hadi ule. Leo neno hilo liko kila mahali kutoka Kampala hadi Mombasa na Dar es Salaam, na wanaolitumia wengi hawajawahi kuiona Busia hata kwa dirisha la basi.

Mimi nilivushwa mara nyingi kwa Black Mamba ya mjomba. Shangazi yangu, dada ya baba, aliolewa ng'ambo, upande wa Dabani, na kila likizo ya Agosti ilibidi twende. Mama alikaa kwenye mto, miguu upande mmoja. Mimi nilikaa mbele, juu ya chuma cha fremu, na nilifika nikiwa siwezi kukaa tena mpaka jioni. Sheria ya wale wazee ilikuwa abiria mmoja kwa kila baiskeli. Hakuna serikali iliyoiandika. Ilitoka kwa magurudumu yenyewe, na pia kwa haki: ukibeba wawili, umemla mwenzako aliye nyuma yako kwa foleni. Lakini mtoto hakuhesabiwa. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa anapanga foleni akitutazama, akimnyooshea mama kidole na kusema, "Mmoja." Mimi hapo mbele nilikuwa sehemu ya baiskeli.

Nimekuja kuamini kwamba historia yote ya Busia na Malaba iko kwa hicho kidole. Swali la mpaka halijawahi kuwa barabara ni pana kiasi gani. Swali ni nani anahesabiwa, na nani anapita kama chuma cha fremu.

Tuanze na mpaka wenyewe. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, ilikuwa imefika Uganda kweli. Jina halikuwa mzaha. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulikuja hadi upande wa Naivasha. Mwaka uliofuata, 1902, Waingereza wakaukata na kuutia upande wa pili, ule uliokuja kuitwa Kenya. Baadaye, amri ya mwaka 1926 ikauandika mpaka kwa kufuata mito, Sio na Malaba ikiwemo. Wasamia wakabaki pande zote mbili, Wateso hivyo hivyo. Mjomba aliposikia habari hii kwangu, nikiwa nimetoka nayo chuo nikijidai, alicheka sana. "Kumbe babu yangu alikuwa Mganda na hakuna mtu alimlipisha nauli."

Malaba ilipata reli yake baadaye, njia ya kupitia Eldoret na Tororo, iliyofika Kampala mwaka 1931. Kwa hivyo miji hii miwili ni ndugu wenye tabia tofauti. Malaba ni mji wa vyuma: treni, halafu malori. Busia ni mji wa miguu na baiskeli.

Miaka ya kwanza ya uhuru kamba ya mpaka ililegea kidogo. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na reli moja, posta moja, na shirika moja la ndege, East African Airways, lililokuwa limeanza mwaka 1946. Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini Kampala mwaka 1967. Miaka kumi baadaye kila kitu kikavunjika. Kenya Airways ilianzishwa Januari 1977, Uganda tayari ilikuwa na shirika lake tangu mwaka uliotangulia, na anga iliyokuwa moja ikapata geti.

Mjomba alianza kazi karibu na wakati huo, na hakuanza na watu. Alianza na kahawa. Baridi kali ya Julai 1975 iliua mibuni ya Brazil, bei ya dunia ikaruka, na Uganda ya Amin ilikuwa na kahawa nyingi na shilingi isiyonunua kitu. Kahawa ikavuka. Soko la Chepkube, juu upande wa Mlima Elgon, lilipata jina kubwa wakati huo, na watu wa huko bado wanasimulia pesa zilizohesabiwa usiku kwa taa ya chemni. Huko ilivuka kwa punda na kwa migongo. Mjomba alivusha kwa baiskeli, gunia moja kila safari, kwa njia za panya. Aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Gunia halina jina. Ukishikwa nalo unaongea, unaelewana. Mtu ana jina." Mwaka 1976 Amin alikuwa ametangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni yake, na kuvusha mtu wakati huo kulikuwa hatari kuliko kuvusha kahawa. Tena Desemba 1987, majeshi ya nchi hizi mbili yaliporushiana risasi hapo hapo Busia na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa, mjomba aliketi nyumbani. Kukhu ndiye aliyesema wazi kwamba mwanawe hatavuka mtu yeyote mpaka waheshimiwa wamalize kutishana.

Baiskeli yake haikushindwa na vita, ilishindwa na bei. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache vijana walikuwa wamejaa getini na injini. Zilikuja pia kanuni mpya, za mwaka 2015: abiria mmoja, helmeti, koti la kung'aa. Mjomba alifurahi sana. Serikali, alisema, hatimaye imejifunza kwa wazee wa Busia. Lakini unajua wenyewe. Mshikaki haukuisha, si Busia, si Kayole.

Sasa nirudi kwa ndege, kwa sababu mjomba alikosea. Ndege nazo zina kamba, ila huioni ukiwa chini. Nilipanda yangu ya kwanza mwaka 2022, Nairobi kwenda Entebbe, kazi ya siku mbili. Saa moja na kitu, maji ya ziwa chini, soda kwa kikombe cha plastiki, umefika. Nilitamani kumpigia. Lakini safari kama ile inapaa kwa sababu serikali mbili zimekubaliana mashirika yapi yaruke, wapi, na mara nyingi hata mara ngapi kwa wiki. Januari 2018, Umoja wa Afrika ulizindua Addis Ababa mpango wa soko moja la anga ili kulegeza makubaliano ya aina hiyo. Safari hiyo hiyo ya Entebbe bado ni bei ambayo mama wa sokoni Busia hawezi kuiwaza.

Hata Ulaya wanahesabu. Uwanja wa ndege wa Dublin, Ayalandi, uliporuhusiwa mwaka 2007 kujenga jengo la pili la abiria, uliwekewa sharti: watu milioni 32 kwa mwaka, wasizidi. Sababu haikuwa anga. Ilikuwa barabara za kwenda uwanjani, waliogopa zingeziba. Mashirika yakazidi kuongeza safari, idadi ikafika kwenye mstari, na kesi zikaenda kortini. Niliposoma hayo nilimwona yule mzee wa foleni na kidole chake. Ila wale walihesabu ili barabara ipumue. Kwetu anayehesabiwa kwanza ni mzigo.

Februari 2018, mwezi mmoja tu baada ya mambo ya Addis, marais Kenyatta na Museveni walikuja Busia kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani. Malaba ilikuwa na chake. Mpango wenyewe ni mzuri, sitasema uongo: badala ya kusimama mara mbili, unasimama mara moja, katika nchi unayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako ofisi moja. Malori yaliyokuwa yanalala siku nyingi yakaanza kupita haraka. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kusafiri kwa kitambulisho tu. Ukifika leo utaona wale walemavu wenye baiskeli za magurudumu matatu, za kuzungusha kwa mikono, wakivusha mizigo iliyopangwa juu mpaka huwaoni nyuso. Ule mwendo wa kati ya geti na geti, uliomlisha mjomba, ukawa na kuta na taa. Alihesabu safari zake za mwezi wa kwanza kwa vidole, akasema atapanda mihogo.

Halafu 2020. Machi ile Uganda ilifunga mipaka kwa abiria, angani, majini na barabarani. Kenya ikasimamisha ndege za abiria za kimataifa siku chache baadaye. Mizigo iliendelea. Malaba foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita, madereva wakingoja majibu ya vipimo, wakipika kando ya magurudumu, wakitazamwa na kila mtu kana kwamba ugonjwa ulikuwa jina lao la pili.

Shangazi alikufa Mei. Hakuwa na ugonjwa ule, alikuwa na presha ya miaka mingi. Mimi nilikuwa Nairobi, na Nairobi yenyewe ilikuwa imefungwa, huwezi kutoka. Yote haya niliyapata kwa simu.

Baba alienda getini asubuhi na kitambulisho chake. Alikuwa mwalimu miaka thelathini, anaamini makaratasi. Alirudishwa kwa adabu. Akaenda tena saa sita, akarudishwa bila adabu. Mjomba akamwambia, "Shemeji, mimi najua njia." Alikuwa anaijua kweli, tangu siku za kahawa. Baba alikataa. Aliogopa kwamba akishikwa ng'ambo watasema ameleta ugonjwa matangani, na watoto wa dada yake ndio watakaobaki kutazamwa vibaya na majirani.

Kitu kilichobaki ni blanketi. Kwetu ndugu hazikwi bila blanketi la nyumbani kwao. Baba alikuwa amelinunua sokoni, jekundu, bado limefungwa kwa nailoni. Mjomba alilichukua, akalifunga kwenye keria pale ambapo abiria hukaa, akaendesha kando ya foleni ya malori mpaka akapata dereva aliyekuwa amepata majibu yake na alikuwa anapita jioni ile. Dereva aliliweka kwenye kebini. Aliulizwa getini ni nini, akasema ni blanketi, wakampitisha. Watoto wa shangazi walimngoja barabarani upande wa pili, walimkuta, na walilipata kabla ya mazishi.

Baba alivuka mwaka uliofuata. Pikipiki zilikuwa zimejaa hapo getini, vijana wakimwita mzee, mzee, twende. Aliwapita wote akaenda kwa mjomba, aliyekuwa amekuja na Black Mamba siku hiyo moja tu, magurudumu yametiwa upepo upya. Baba alikaa kwenye mto, miguu upande mmoja kama mama zamani. Mjomba alimuuliza kama ameshika vizuri. Kisha akapiga kengele, ingawa mbele yao hapakuwa na mtu.