Bei mbili za farasi mmoja: ubao wa uwanjani na soko la kubadilishana dau

Kila mwezi Machi, katika uwanja wa Cheltenham nchini Uingereza, wapokea dau hujipanga kwa safu karibu na majukwaa ya watazamaji, kila mmoja na ubao wake wa taa, mkoba wa fedha na mashine ya kuchapisha risiti. Tuchukue kwamba ubaoni farasi mmoja ameandikiwa 10/1. Anayetazama simu yake wakati huohuo huenda akamkuta farasi yuleyule, katika soko la kubadilishana dau la intaneti, akiwa na bei ya 13. Wengi hudhani tofauti ni 3. Sivyo.

Bei ya ubaoni, kumi kwa moja, hutaja faida peke yake: pauni 1 huzaa pauni 10, kisha dau lenyewe hurudishwa. Bei ya soko hutaja jumla, dau likiwa ndani yake, kama zinavyoandikwa bei za kandanda katika mikeka ya simu iliyozoeleka Nairobi na Dar es Salaam. Basi kumi kwa moja ni sawa na 11, na kinacholinganishwa ni 11 na 13.

Tofauti inayobaki hutokana na namna kila upande unavyopata riziki yake. Mpokea dau huuza bei aliyoipanga mwenyewe, na faida yake imefichwa humo. Soko la kubadilishana dau, ambalo kubwa kuliko yote ni Betfair, lililoanzishwa na Andrew Black na Edward Wray mwaka 2000, halipangi bei. Wateja hushindana wao kwa wao, mmoja akimuunga mkono farasi na mwingine akimpinga, na kampuni hukata kamisheni katika faida ya mshindi.

Tuseme mbio zina farasi watano, na ubao unasoma 6/4, 5/2, 4/1, 7/1 na 10/1. Ukigawanya 100 kwa kila bei, dau likiwa limejumlishwa, unapata nafasi ambayo bei hiyo inampa farasi: 40, 28.6, 20, 12.5 na 9.1. Jumla ni takriban 110. Kwa kuwa mshindi ni mmoja tu, nafasi zote haziwezi kuzidi 100. Hiyo 10 ya ziada ndiyo ngome ya mpokea dau. Katika soko, farasi haohao wangeweza kuwa na bei za 2.66, 3.85, 5.4, 8.8 na 13, na jumla yake ni kama 101.

Hapo ndipo watu hukimbilia simu, na hapo ndipo hesabu ya pili husahauliwa. Chukua kamisheni ya 5%. Pauni 100 kwa farasi wa 6/4 huleta faida ya 150 uwanjani. Sokoni, kwa 2.66, huleta 166, na baada ya makato 157.70. Kwa farasi wa kumi kwa moja, faida ya uwanjani ni 1,000, na ya sokoni ni 1,140. Lakini farasi mwenye bei ya 4/5 huleta 80 uwanjani, ilhali bei ya 1.82 sokoni, inayoonekana bora, huacha 77.90 tu. Kwa kamisheni hiyo, hata bei ya 11.5 bado iko chini ya kumi kwa moja ya ubaoni.

Ni kweli basi kwamba pengo kubwa liko kwa farasi wasiotarajiwa. Hata hivyo 13 si zawadi. Tangu utafiti wa Mmarekani Richard Griffith wa mwaka 1949 imejulikana kwamba farasi wa bei ndefu hushinda mara chache kuliko bei zao za kawaida zinavyodai. Soko humlipa zaidi mteja kwa sababu linaikaribia zaidi nafasi halisi ya farasi huyo, ambayo ni ndogo.

Jambo jingine ni kiasi. Kando ya kila bei ya soko huonyeshwa fedha zilizopo kwa bei hiyo. Pengine 13 ina pauni 15 tu nyuma yake; dau linalobaki litapokelewa kwa 12, au litangoja bila kupata mwenzake hadi mbio zianze. Asubuhi, kabla fedha nyingi hazijaingia, bei za soko huwa nyepesi na huyumba kwa dau dogo.

Anayempinga farasi naye apime kifua chake: kupokea pauni 10 za mwenzake kwa bei ya 13 ni kuhatarisha pauni 120. Tarehe 28 Desemba 2011, huko Leopardstown, Ireland, farasi Voler La Vedette alikuwa akielekea kushinda huku soko la Betfair likionyesha mtu aliye tayari kumpinga kwa bei ya takriban 28, kwa mamilioni ya pauni. Deni ambalo lingetokana na ofa hiyo lilikaribia pauni milioni 600. Kampuni ilieleza kwamba hitilafu ya kiufundi ilimruhusu mteja kuvuka kikomo chake, na ikafuta dau zote zilizowekwa mbio zikiendelea. Waliodhani wameokota dhahabu walirudishiwa dau lao tu.

Siku hizi pande hizi mbili hazikai mbali. Zamani habari za bei zilivuka uwanja kwa ishara za mikono za watu waliovaa glavu nyeupe. Sasa mpokea dau ana kompyuta pembeni na soko limefunguliwa mbele yake. Bei ya farasi ikishuka humo, ubao hubadilika baada ya sekunde chache. Mwenye risiti iliyochapishwa kabla ya hapo hulipwa kwa bei ya risiti yake.