Nguo za Wazee Wetu: Tafakuri Kabla ya Dhifa ya Maadhimisho

Katika maadhimisho haya sote tumealikwa kuhudhuria dhifa ya usiku tukiwa tumevaa kama walivyovaa wazee waliofungua maduka ya mwanzo Iringa na Mbeya. Majumbani cherehani zimekwisha kuanza kulia. Kabla mkasi haujapita kwenye kitambaa, yatupasa tujiulize: wazee hao walivaa nini hasa?

Ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga ilianguka mwaka 1894. Wajerumani wakajenga maboma, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafuata nyuma yao. Mbeya ni mdogo kwa umri: ulikua katika miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu. Kote huko bidhaa kuu ilikuwa nguo. Merikani, pamba isiyopaushwa, ilipewa jina la nchi ilikofumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza shehena, viwanda vya Bombay vilipata nafasi sokoni. Kaniki, nguo iliyotiwa nili, ilitoka Kachchh. Wapagazi walilipwa kwa vipimo vya nguo: shuka ni mikono 4, doti ni mikono 8. Neno doti lenyewe ni ndugu wa dhoti ya Kihindi.

Kwa hiyo mshonaji asikimbilie sindano. Dhoti haishonwi, hukunjwa na kufungwa, sari vilevile. Katika mtindo wa Kigujarati, pindo la sari hutoka mgongoni, hupita bega la kulia na kuanguka mbele. Kazi ya fundi ni blauzi, koti, na angarkha, ambayo hufungwa kifuani kwa vikamba. Zipu hazikuenea katika mavazi kabla ya miaka ya 1930, na poliesta ilivumbuliwa mwaka 1941. Anayetaka kuonyesha Mbeya changa atumie vifungo, pamba na sufu. Nayo baridi ya Juni ya nyanda hizi itamwelewesha kwa nini koti zito lilivaliwa juu ya dhoti nyepesi.

Lipo jambo zito zaidi. Picha zilizo kutani mwetu zilipigwa siku za arusi, hariri ikiwa imetolewa sandukuni. Siku nyingine zote walikuwapo karani, mpishi, mpagazi, na fundi aliyekanyaga cherehani barazani tangu asubuhi. Tukija sote tumevaa kama matajiri, tutakuwa tumeshona historia isiyokuwapo. Na atakayevaa kaniki asiivae kwa mzaha. Ilikuwa nguo ya heshima ya majirani zetu, na fedha yao ndiyo iliyojenga maduka.

Baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zilihama, na masanduku yao yakaenda nazo. Sisi tuliobaki tu wachache, na ujuzi wa kukata nguo hizo uko mikononi mwa wazee wachache zaidi. Basi tuwaendee akina bibi kabla ya dhifa, watuonyeshe mikunjo, nasi tuiandike. Tuwaite pia mafundi wa barazani, Wahindi kwa Waafrika, tukae nao meza moja. Wao ndio waliouvisha mji.