Mabasi ya Nairobi: mamlaka ipo, ramani ipo, basi liko wapi?

Mtu wa kwetu akishuka treni ya Madaraka pale Syokimau huwa na swali moja: basi la kwenda niendako ni lipi, na litaondoka saa ngapi? Nusu ya kwanza ya swali ina jibu. Nusu ya pili haina jibu Nairobi nzima, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Sisi tunaopenda habari za mabasi tukikutana hubishana kuhusu mambo mengi: gari gani lina injini nzuri, namba ya njia ilitoka wapi, njia maalumu ya mabasi ikae katikati ya barabara au pembeni. Lakini mjadala wote hurudi kwenye mamlaka ya usafiri ya jiji, ahadi zake na ilichotimiza. Nitaeleza ilivyo, kisha nitaipima kwa mtaa mmoja, Spring Valley.

Nimeuchagua mtaa huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya utani: uko upande wa Westlands, na Mpwani akipita huko atakuta barabara ya Peponi na barabara ya Shanzu, adhani hajatoka nyumbani. Ya pili si utani. Spring Valley ni mtaa wa majumba makubwa na nyumba za mabalozi, na mipango ya mabasi huuona kama mtaa wa wenye magari. Lakini kila alfajiri huingia humo wapishi, yaya, walinzi, watunza bustani na wauza maduka. Hao hawana gari, na wengi hawana hata nauli ya kupanda mara mbili.

Tulikotoka

Nairobi iliwahi kuwa na mabasi ya ratiba. Kenya Bus Service ilianza mwaka 1934, ikiwa ya kampuni ya Kiingereza. Mwaka 1966 Baraza la Jiji liliingia ubia nayo: baraza likapata robo ya hisa, kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake. Wazee wetu wanaikumbuka Kenya Bus ya Mombasa pia, maana shirika lilikuwa na matawi mji huu na ule.

Pembeni yake yalikuwapo magari madogo yaliyobeba watu kwa senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Hapo ndipo lilipotoka jina matatu. Yalikuwa hayana ruhusa mpaka mwaka 1973, Rais Kenyatta alipoamuru yaachwe yafanye kazi bila leseni ya usafirishaji. Tokea siku hiyo basi la ratiba lilishindana na gari lisilo na ratiba, na basi likashindwa polepole. Serikali ilijaribu Nyayo Bus mwaka 1986, lakini shirika hilo likafa katika miaka ya 1990. Kampuni ya Stagecoach ya Uskoti ilinunua Kenya Bus mwaka 1991, ikauza na kuondoka mwaka 1998.

Kilichobaki cha zama hizo ni namba. Basi likisema 46 ni Kawangware, 58 ni Buruburu, 111 ni Ngong, 23 ni Kangemi. Matatu zilirithi mtindo huo wa namba toka kwa mabasi ya zamani. Ratiba hazikuirithi.

Mwaka 2004 zikaja kanuni za waziri John Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, sare za dereva na makanga. Baadaye wenye matatu wakalazimishwa kujiunga katika vyama vya ushirika au kampuni. Usalama ulipata nafuu kwa muda, lakini hakuna kanuni hata moja kati ya hizo iliyosema basi lipite saa ngapi.

NaMATA ni nini

Mamlaka ya Usafiri ya Eneo la Jiji la Nairobi, inayojulikana kwa kifupi NaMATA, iliundwa mwaka 2017. Eneo lake ni kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Wazo lenyewe ni zuri. Mtu huamka Kiambu, akafanya kazi Nairobi, akalala Kajiado kwa dada yake. Safari yake haijui mpaka wa kaunti. Anahitajika mpangaji mmoja.

Tatizo ni nguvu. NaMATA ilizaliwa kwa amri ya rais chini ya Sheria ya Mashirika ya Serikali, si kwa sheria yake yenyewe. Leseni za magari ya abiria ziko kwa NTSA. Barabara kuu ziko kwa KeNHA, za mjini kwa KURA. Steji na ada za maegesho ziko kwa kaunti, na Katiba ya 2010 inazipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani katika maeneo yao. Kwa hiyo mamlaka ina ramani mkononi, lakini kalamu, muhuri na mkoba viko kwa wengine. Msafara huu una manahodha wengi, na kila mmoja ana usukani wake.

Mistari mitano ya wanyama

Mpango mkubwa ni wa mabasi ya mwendo wa haraka: mabasi marefu yenye njia yao peke yao, vituo vyenye sakafu inayolingana na mlango wa basi, na nauli inayolipwa kabla ya kupanda. Mistari mitano imepewa majina ya wanyama wakubwa.

Ndovu unatoka upande wa Limuru na Kangemi, unapita Waiyaki Way na katikati ya jiji, unaelekea barabara ya Mombasa. Simba unaunganisha Rongai na barabara ya Thika. Chui unatoka Ngong hadi upande wa Dandora na Njiru. Kifaru unaunganisha Kikuyu na Karen na upande wa Donholm. Nyati unafuata barabara ya Outer Ring.

Uliotangulia ni Simba. Mwaka 2018 barabara ya Thika ilichorwa mistari myekundu ya njia ya mabasi, na ikatangazwa kuwa mabasi makubwa yangeagizwa toka Afrika Kusini. Mistari ilionekana, mabasi hayakuonekana. Rangi ikafifia huku matatu na magari ya watu binafsi yakipita juu yake. Ujenzi wa vituo ulianza baadaye, ukawa wa kusuasua. Mstari wa Chui umeahidiwa fedha za Umoja wa Ulaya na mabenki ya maendeleo ya huko. Ndovu nao, ulio karibu zaidi na Spring Valley, ulipitiwa kwa juu na barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway. Barabara hiyo ya kilomita 27, toka Mlolongo mpaka Westlands, ilifunguliwa mwaka 2022. Gari la mwenye fedha lilipata njia yake kabla ya basi la wengi.

Wakati huohuo kaunti na serikali kuu zimejaribu kuziondoa matatu katikati ya jiji. Tarehe 3 Desemba 2018 Gavana Mike Sonko alizipiga marufuku, wazee na wagonjwa wakatembea kwa miguu toka mbali, na marufuku ikasitishwa upesi. Kituo cha Green Park kikafunguliwa mwaka 2022. Majengo yanajengeka. Lakini kumshusha abiria mbali na aendako bila kumpa basi la pili ni kumwongezea mwendo tu.

Mtaa wa Spring Valley kwenye ramani hiyo

Tazama sasa mtaa wetu wa mfano. Mstari wa Ndovu ukikamilika utapita Waiyaki Way. Abiria wa Spring Valley atashuka Westlands. Toka hapo kuna barabara ya Lower Kabete inayopita Sarit Centre na kupanda hadi Spring Valley, kisha Kabete na Wangige. Gari zinazopita humo ni matatu za Wangige na vitongoji vyake.

Ninavyoziona, asubuhi zinapokuja mjini huwa zimejaa toka juu, na mtu wa katikati ya njia husimama akipungiwa mkono. Jioni, makanga mjini hutaka abiria wa mwisho wa njia, si wa kushuka njiani. Mchana watu wakiwa wachache, gari hukaa steji likingoja lijae. Ndani ya mtaa wenyewe, kwenye Peponi na vichochoro vyake, kuna bodaboda, teksi na miguu. Wengi hufika kazini kwa miguu toka Kangemi kupitia Loresho, kwenye barabara ambazo sehemu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Nao si wachache wa ajabu: kwa jumla, kama safari nne kati ya kumi katika Nairobi hufanywa kwa miguu.

Mtaa huu hauhitaji mstari wa mnyama. Unahitaji basi dogo la kawaida, litoke Westlands, lizunguke Lower Kabete na Peponi, lipite kila baada ya dakika zinazojulikana, liwe na watu watano au hamsini. Huduma ya namna hiyo haina uzinduzi wenye utepe. Ndiyo maana mipango mikubwa haiizungumzii sana.

Kwa nini basi halina saa

Hapa ndipo penye kiini. Dereva na makanga wa matatu wengi hawana mshahara wa mwezi. Mwenye gari huwapangia kiasi cha kumletea kila siku. Mafuta, ada za steji na gharama nyingine za barabarani hutoka mifukoni mwao, na kinachobaki ndicho riziki yao. Mtu wa hali hiyo hawezi kuondoka na viti vitupu. Atangoja gari lijae, atakimbia akiona mwenzake mbele, ataongeza nauli mvua ikinyesha, na atakatisha safari njiani akiona abiria wa kurudi ni wengi. Si ukorofi wa tabia peke yake. Ni hesabu.

Ndiyo maana gari jipya halitoshi. Tokea mwaka 2022 Nairobi imeona mabasi ya umeme ya BasiGo na Roam, nayo ni mazuri: kimya, bila moshi. Nayafurahia. Lakini basi la umeme likiendeshwa kwa hesabu ileile litangoja kujaa vilevile, ila litangoja bila kelele.

Hata ramani ya kwanza kamili ya matatu haikutoka serikalini. Ilitolewa mwaka 2014 na mradi wa Digital Matatus, wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya Marekani, vijana wakipanda gari baada ya gari na simu mkononi kuandika vituo. Walipata njia zaidi ya 130. Kumbe mtandao upo, na watu wa kawaida waliweza kuuchora. Kinachokosekana ni mtu wa kununua huduma: amlipe mwenye basi kwa kilomita alizokwenda kwa wakati, achukue nauli yeye, na amkate anayechelewa.

Wenzetu wa Dar es Salaam

Dar walianza mwendokasi mwezi Mei 2016, toka Kimara hadi Kivukoni, kilomita 21 pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Waliojenga walimaliza, na basi likapita kweli. Aliyekuwa akitumia saa nyingi barabara ya Morogoro aliiona tofauti.

Lakini Dar wametufunza pia upande wa pili. Karakana ya mabasi ilijengwa bonde la Jangwani, na maji yakaingia. Mabasi yakapungua, abiria wakazidi, foleni vituoni zikarefuka. Njia ya zege haibebi mtu. Kinachobeba ni basi lililotengenezwa jana usiku likawa tayari asubuhi.

Na sisi Pwani?

Mombasa yetu inafanana na Nairobi kuliko tunavyopenda kukiri. Anayefanya kazi kisiwani analala Mtwapa au Mariakani, zote Kilifi, au Ukunda iliyo Kwale. Kaunti tatu, safari moja, hakuna mpangaji. Siku itakapofika kuzungumzia mamlaka ya usafiri ya Mombasa na majirani zake, na haiko mbali, tusikubali kuonyeshwa picha za mabasi marefu tukapiga makofi.

Tuulize mambo manne. Je, mamlaka hiyo itakuwa na sheria yake na fungu lake la fedha, au itaomba kwa kila mlango? Nani atatoa leseni za njia, na ataweza kumnyang'anya anayeshindwa? Dereva atalipwa mshahara, au ataendelea kukimbizana na hesabu ya siku? Na yule wa mtaa wa ndani, wa Kisauni au Mikindani, atafikaje kwenye barabara kuu saa kumi na moja alfajiri?

Nairobi walianza kwa kuchora rangi barabarani, na maswali hayo wakayaacha kwa baadaye. Sisi tuyaulize kabla ndoo ya rangi haijafunguliwa.