Bega la Ray Fosse na kanuni iliyochelewa miaka 44

Mei 2025 kamishna wa besiboli ya Marekani, Rob Manfred, alimwondoa marehemu Pete Rose katika orodha ya waliofungiwa maisha, na ubishi wa zamani ukafufuka: je, aliyecheza kamari kwenye mechi za timu yake mwenyewe anastahili kuingizwa katika Jumba la Mashujaa? Wabishe watakavyo. Mimi deni la Rose ninaloliona kubwa zaidi si la kamari. Ni la bega la Ray Fosse.

Besiboli haikuzaliwa iwe mchezo wa kugongana. Kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York, mwaka 1845, zilipiga marufuku hata kumtoa mkimbiaji kwa kumlenga mpira mwilini, kama wafanyavyo watoto wetu kwenye rede. Baadaye ikakubalika kwamba mlinzi anayeuwahi mpira uliopigwa apishwe, na asiye na mpira asimzibie njia mkimbiaji. Kisha akaja mkimbiaji Ty Cobb na njumu zake zilizoogopwa na kila mlinzi. Mwaka 1977 Hal McRae wa Kansas City alimvaa Willie Randolph wa Yankees kwenye kituo cha pili, na msimu uliofuata kanuni ikakazwa.

Ila kituo cha nyumbani, kile cha nne ambacho mkimbiaji akikigusa timu hupata pointi, kwa vitendo kilibaki nje ya sheria. Pale mdakaji, yaani mlinzi wa kituo hicho, alijipanga mlangoni, mkimbiaji akaja kwa kasi yake yote, na mwamuzi akatazama kama mpira umeponyoka glovuni. Basi.

Julai 14, 1970, mechi ya nyota ilichezwa Cincinnati, kwenye uwanja wa Riverfront uliokuwa na wiki mbili tu tangu ufunguliwe. Rais Richard Nixon alikuwepo. Usiku wa kuamkia mechi, Rose, mwenyeji wa mji, alikuwa amekaa na Fosse kwenye maongezi baada ya chakula cha jioni. Fosse alikuwa kijana wa miaka 23, mdakaji wa Cleveland.

Awamu ya 12, matokeo 4-4, Jim Hickman akapiga mpira kuelekea katikati. Rose akatimka kutoka kituo cha pili. Amos Otis akaurusha mpira nyumbani, Fosse akasogea kuupokea, na kabla haujamfikia akakumbana na bega la Rose. Pointi ikaingia, Ligi ya Taifa, upande wa Rose, ikashinda 5-4, uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kumbuka kwamba mechi hiyo ilikuwa ya maonyesho. Ushindi wake haukubadilisha nafasi ya timu yoyote kwenye ligi.

Picha za eksirei hazikuonyesha kitu kwa sababu ya uvimbe, Fosse akaendelea kucheza. Mwaka uliofuata ndipo mvunjiko ulipoonekana, mfupa ukiwa umeshaunga vibaya. Kabla ya mechi ile alikuwa ameutoa mpira nje ya uzio mara 16. Msimu huo uliobaki, mara mbili tu. Alicheza hadi 1979, akatwaa ubingwa mara mbili na Oakland, kisha akawa mtangazaji wao kwa miaka mingi. Alisema maumivu hayakumwacha. Rose hakuomba radhi: kwake huo ndio uliokuwa uchezaji sahihi. Fosse alifariki Oktoba 2021.

Kilichokuja kuwaamsha wakubwa ni mguu wa mchezaji nyota. Mei 25, 2011, Scott Cousins wa Florida Marlins alimgonga Buster Posey wa San Francisco Giants; mfupa wa mguu ukavunjika na kano za kifundo zikachanika. Kocha wa Posey, Bruce Bochy, aliyewahi kuwa mdakaji, akapiga kelele. Mwaka 2014 kanuni ikatoka: mkimbiaji asiiache njia yake ili kumfuata mdakaji, na mdakaji asiye na mpira asizibe kituo. Mwaka 2016, baada ya Chase Utley kumvunja mguu Ruben Tejada, kituo cha pili nacho kikawekewa masharti mapya.

Rose hakuificha chuki yake kwa kanuni ya 2014. Alifariki Septemba 30, 2024, siku ileile Giants walipomtangaza Posey kuwa rais wa shughuli zao za besiboli.