Imani na sheria katika mafundisho ya wokovu (Mwandiga na Buha)

Imani na sheria ni maneno mawili yanayobeba hoja kongwe ya Ukristo: je, mtu huokoka kwa kumwamini Kristo tu, au hana budi kushika amri pia? Hoja hii ilianza Yerusalemu na Antiokia, ikaligawa Kanisa la Ulaya katika karne ya 16, na ikaletwa pwani ya Ziwa Tanganyika na wamisionari kuanzia mwaka 1878. Makala hii inaiangalia kutoka Mwandiga, mji mdogo wa mkoa wa Kigoma inakoanzia barabara ya Manyovu kuelekea mpaka wa Burundi. Pwani iliipokea hoja kupitia Ujiji, kwa misafara ya kutoka baharini. Milima ya Buha, nchi ya Waha, iliipokea kwa sehemu kubwa kutoka upande wa huo mpaka.

Maneno yenyewe

Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, inasema "kuhesabiwa haki" pale Paulo anapoeleza jinsi Mungu anavyompokea mwenye dhambi. Usemi huo ni mzito kuliko unavyosikika kanisani. Katika Kiswahili cha kila siku haki ni kile mtu anachostahili. Mpagazi aliyeshusha magunia ya mtu anadai haki yake, na mjane aliyenyimwa shamba anadai haki yake. Paulo anasema jambo jingine kabisa: asiyestahili kitu anaandikiwa haki isiyo yake. Kinachookoa maana ni neno "kuhesabiwa", kwa kuwa ni neno la daftari. Mwenye duka akichukua kalamu na kulikata jina la mdeni, mdeni huyo anahesabiwa amelipa, ingawa mfukoni hakutoka hata senti. Biblia Habari Njema ya mwaka 1996 inasema mtu hukubaliwa kuwa mwadilifu. Tafsiri hiyo inaeleweka upesi, lakini daftari limepotea.

Neno "sheria" nalo lina mzigo wake. Ujiji ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na Mkristo wa huko analisikia neno hilo kwa jirani yake likitajwa kwa heshima, kama njia ya kumwendea Mungu. Mhubiri anayesimama kusema kwamba sheria haiokoi inampasa aeleze kwanza ni sheria ipi.

La tatu ni "ukombozi". Ujiji palikuwa na biashara ya watumwa, na kukomboa kulikuwa kitendo chenye bei: mtu alilipa, mwingine akaachiwa. Aliyekombolewa hakuchangia chochote. Palikuwa na mahali pachache Afrika ya Mashariki ambapo mafundisho ya Paulo yangeweza kuelezwa kwa mfano ulio karibu zaidi na macho ya msikilizaji.

Asili ya hoja

Mtaguso wa Yerusalemu, mnamo mwaka 49 au 50, uliamua kwamba watu wa mataifa wasilazimishwe kutahiriwa. Paulo aliitetea hoja hiyo katika nyaraka kwa Wagalatia na Warumi, na waraka wa Yakobo ukakumbusha kwamba imani pasipo matendo haina uhai. Martin Luther alilitia neno "tu" katika tafsiri yake ya Warumi 3:28, na Mtaguso wa Trento ukajibu kwa tamko la tarehe 13 Januari 1547: neema ndiyo inayoanza, lakini mtu anashirikiana nayo.

Misheni za ziwani

Wajumbe wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878. J. B. Thomson alifariki hapo mwaka huohuo, na Arthur Dodgshun akamfuata mwaka 1879. Edward Coode Hore na Walter Hutley waliendelea. Walitoka katika makanisa yaliyofundisha wokovu kwa imani pekee, lakini hawakuacha kanisa la kudumu Ujiji, na katikati ya miaka ya 1880 kazi yao ilihamia kusini mwa ziwa.

Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Charles Lavigerie mwaka 1868, walifika Ujiji Januari 1879. Padre Toussaint Deniaud aliuawa Rumonge mwaka 1881. Mapadre walinunua watoto waliokuwa watumwa na kuwapeleka kwenye vituo vyao vya ziwani, kama Kibanga upande wa Kongo na, tangu mwaka 1885, Karema. Hapo ndipo fumbo la imani na sheria linapoonekana kwa macho. Mtoto aliyenunuliwa sokoni aliambiwa kwamba Kristo amemkomboa bure. Kisha aliingizwa katika kijiji cha misheni ambako kengele ndiyo iliyoamua saa ya kuamka, ya kulima, ya kusali na ya kulala. Wenye vituo waliona hivyo ndivyo malezi yalivyo. Alivyoona mtoto hatukuandikiwa.

Lavigerie aliagiza pia ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, kama lilivyofanya Kanisa la karne za kwanza. Agizo hilo lilikuwa na busara, kwa sababu lilizuia ubatizo wa haraka wa watu wasiojua wanaingia wapi. Hata hivyo lilimfundisha Mwafrika kuuona ubatizo kama cheti cha aliyefaulu. Vikarieti ya Kigoma iliundwa mwaka 1946 na kuwa jimbo mwaka 1953. 

Wake wengi na mlango wa ubatizo

Katika Galatia swali lilikuwa tohara. Katika Buha, kama kwingi Afrika, swali lilikuwa wake. Mhubiri alitangaza, "Njoo kama ulivyo"; mwenye wake wawili alipokuja kama alivyo, alitakiwa kwanza amrudishe mmoja kwao. Misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilitofautiana karibu katika kila jambo, lakini katika hili zilikuwa pamoja. Waanglikana walikuwa wameliamua katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888: mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe, wake zake waweza kubatizwa kwa hali fulani.

Ni vigumu kuliona agizo hili kuwa kitu kingine isipokuwa sheria iliyowekwa mbele ya imani. Aliyeumia zaidi hakuwa mume. Ni mke wa pili, aliyefungasha jembe lake na chungu chake, akamshika mtoto mkono na kurudi kwa kaka ambaye pengine mahari yake alikwisha kuitumia kuoa. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 ulibadili uamuzi: mume anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wao wanaoamini, mradi aahidi kutoongeza mke maadamu mmojawapo wa hao angali hai, jamii ya waumini ikubali, na asishurutishwe kuwaacha wake na kuwatia katika dhiki. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa mstari wa mbele katika hoja hiyo. Mabadiliko yalichukua miaka 100 kamili.

Uamsho

Misheni ya Kianglikana ya CMS (Church Missionary Society) kutoka Australia iliingia Buha katika miaka ya 1930, chini ya Askofu George Chambers wa Dayosisi ya Central Tanganyika. Wakati huohuo moto ulikuwa umewaka ng'ambo ya mpaka. Huko Gahini, Rwanda, daktari Joe Church, baada ya kukutana na Simeoni Nsibambi wa Buganda mwaka 1929, alikuwa katikati ya uamsho ulioenea Uganda, Burundi na Tanganyika. Vituo vya Buhiga na Matana vilifunguliwa Burundi mwaka 1935, na Matana si mbali na Buha.

Ujumbe wa uamsho ulikuwa mwepesi kuusema: kubatizwa si kuokoka, cheo cha uinjilisti si kuokoka, damu ya Yesu ndiyo inayookoa. Watu walisimama mbele ya wenzao na kuungama kwa kutaja kitu na mwenye kitu. Waliorudisha jembe lililoibwa walilirudisha likiwa mkononi, mchana, mlango wa mwenyewe ukiwa wazi. Hao ndio walokole, walioitana "ndugu" na kusalimiana kwa wimbo wa Kiganda Tukutendereza. Mwafrika asiyesoma aliweza kumwambia mzungu mwenye shahada kwamba naye anahitaji kutubu, na wako wazungu waliotubu.

Kisha uamsho nao ukaweka ua wake. Pombe ya ndizi ikakatazwa kabisa. Tumbaku, mapambo, madeni na mahari kubwa vikawa vipimo vya kumjua aliyeokoka kweli. Uganda, mwaka 1941, mvutano kati ya walokole na wakuu wa chuo cha theolojia cha Mukono uliishia kwa wanafunzi 26 kufukuzwa, William Nagenda akiwa miongoni mwao. Si haki kuwashutumu walokole kwa unafiki. Waliyaita mambo hayo matunda, na katika nyumba nyingi za Buha mke na watoto walikula vizuri zaidi baada ya baba kuacha chungu cha pombe. Lakini tunda likishatakiwa mlangoni linakuwa kiingilio.

Dayosisi ya Kianglikana ya Western Tanganyika, yenye makao makuu Kasulu, ilianzishwa mwaka 1966, Musa Kahurananga akiwa askofu wa kwanza.

Waadventista Wasabato

Waadventista Wasabato walianza Tanganyika katika milima ya Upare mwaka 1903. Katika Buha wanajulikana zaidi kwa hospitali ya Heri, upande wa Manyovu. Mfanyabiashara Msabato hufunika bidhaa zake Ijumaa kabla jua halijazama, hata kama wateja bado wamesimama. Hali nguruwe wala samaki asiye na magamba, kufuatana na Walawi 11. Kwa mtu wa pwani ya ziwa sheria hiyo si ngumu, kwa kuwa dagaa na migebuka wana magamba; anayemkosa ni kambale.

Jirani zao huwaita watu wa Torati. Lawama hiyo haiwatendei haki. Katika mkutano wao wa Minneapolis mwaka 1888, E. J. Waggoner na A. T. Jones walisimama kufundisha kuhesabiwa haki kwa imani, wakapingwa na wazee wa kanisa, naye Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa hilo, akawaunga mkono. Waggoner alishikilia kwamba sheria inayotajwa katika Wagalatia 3 ni Amri Kumi zenyewe, ambazo kazi yake ni kumleta mtu kwa Kristo. Msimamo wa kanisa hilo ni kwamba Sabato haimwokoi mtu. Aliyeokoka ndiye anayeishika kwa upendo.

Wapentekoste

Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walianza kazi Tanganyika mwaka 1932. Swali lao, "Umeokoka?", leo husikika hata ndani ya basi.

Hali ya sasa

Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, imeongeza makanisa na kwaya katika mkoa.

Nje ya mkoa, hoja yenyewe imesogea kwenye maelewano. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu Mafundisho ya Kuhesabiwa Haki. Shirikisho hilo liliwahi kuongozwa na Mtanzania, Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtu wa uamsho, aliyechaguliwa katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1977. Tamko linakiri kwamba Mungu humpokea mtu kwa neema tu, kwa imani, si kwa stahili yoyote ya mtu, na kwamba anayepokelewa huitwa kutenda mema. Wamethodisti waliliunga mkono mwaka 2006, Waanglikana mwaka 2016 na makanisa ya Kireformati mwaka 2017. Kanisa la Waadventista Wasabato na makanisa ya Kipentekoste hayamo katika orodha hiyo.