Konokono wa Warington

Tukinunua samaki wa kufuga sebuleni, wengi wetu tunachagua rangi tu. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alichapisha habari za chombo chake cha kioo. Aliweka samaki wa dhahabu wawili, wadogo, pamoja na mimea ya majini iwape oksijeni. Mwanzoni mambo yakaenda. Kumbe majani makuukuu yakaanza kuoza, maji yakachafuka. Akatia konokono wachache wa majini. Wakala yaliyooza, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Basi kabla hujaongeza mkazi kwenye tangi lako dogo, jiulize: huyu atakula nini, na uchafu wake ataumaliza nani?